Harufu ya Nazi Roret

Chemutai alikuwa na pua. Si kwamba watu wengine wa Roret hawakuwa nazo, lakini ya Chemutai ilikuwa pua ya kazi. Kila asubuhi alisimama kwenye kituo cha kupozea maziwa, wakulima wakapanga mitungi yao mbele yake, naye akafunua kifuniko kimoja kimoja, akakiinua mpaka usoni, akanusa. Kipimo cha kioo kilikuwepo na alikitumia, maana ndivyo kazi inavyotaka, lakini mkulima mwenye dhambi hakuogopa kipimo. Aliogopa pua. Maziwa ya jana yaliyochanganywa na ya leo, Chemutai aliyajua. Mtungi uliooshwa kwa sabuni ukasahaulika kusuuzwa, aliujua kabla haujashushwa kwenye pikipiki. Maneno yake kazini yalikuwa mawili tu, Mimina au Rudisha, na akishasema Rudisha hata mwenyekiti wa ushirika alirudisha.

Alikuwa pia na sheria yake mwenyewe ambayo haikuandikwa mahali. Mkulima akimwambia mapema, kabla kifuniko hakijafunguliwa, kwamba ng'ombe wake amedungwa dawa na maziwa hayafai leo, hakumgombeza. Aliuweka mtungi kando, akauliza hali ya ng'ombe, akamwambia arudi dawa ikiisha mwilini. Lakini aliyenyamaza, akasimama pale na uso wa kanisani akingoja pua imwumbue, huyo alipewa mtungi wake mbele ya watu na jina lake halikusahaulika.

Mwanamke wa namna hiyo hakai na mume kwa usingizi mzito. Kipngeno, mumewe, alikuwa mtu mpole wa chai na ng'ombe wawili watatu, mwenye mabega mapana kuliko kazi yake. Zamani alikuwa ametunza bustani ya hoteli huko Malindi, na alipoitwa nyumbani kwa sababu baba yake ni mgonjwa, alirudi na ncha za nywele zimekuwa nyekundu na bangili ya nyuzi mkononi. Mama yake hakumruhusu kuvuka kizingiti. Alimketisha uani kwenye kigoda, akamnyoa kabisa, akaikata ile bangili kwa mkasi wa kondoo. Baba akasema kutoka kitandani kwamba alimtuma mwanawe akatunze maua na ameletewa beach boy, mhuni wa ufukweni. Mzee alifariki akiwa bado anaamini hivyo, na Kipngeno hakuitaja Malindi tena.

Chemutai alimpata baada ya hapo, akiwa amenyolewa na ametulia. Mahari ilishatolewa, wazee walishakula na kushiba, watoto wawili walishaanza shule. Kilichobaki ni kanisa. Kwa miaka yote hiyo, watu walipoinuka kwenda meza ya Bwana, Chemutai alibaki kwenye benchi na wasichana wa kwaya na walevi waliookoka juzi, na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyoonyesha. Kwa hiyo mwaka huu, Kipngeno alipokubali hatimaye kwamba wafunge harusi na Pasta Nyaberi akakubali kuitangaza Jumapili tatu mfululizo, Chemutai alifurahi mpaka akaanza kumimina maziwa ya watu bila kuwakunjia uso.

Furaha hiyo haikumaliza wiki.

Baada ya tangazo la kwanza, siku ya Alhamisi, Kipngeno alisema anakwenda Kapkatet kuangalia miche ya chai kwa rafiki yake. Alirudi mchana, akavua shati, akaenda kukata majani ya ng'ombe. Chemutai alilichukua shati alifue, akaliinua kidogo tu, kwa mazoea ya mkono. Akasimama. Lilinukia nazi.

Sasa mtu wa pwani angecheka hapa. Kwao nazi iko kwenye wali, kwenye samaki, kwenye maharagwe, iko kila mahali na haina habari yoyote. Lakini sisi wa huku kwenye chai hatuna mnazi, hatuna wali wa nazi, na harufu hiyo tunaijua kutoka mahali pamoja tu, ndani ya kichupa cha mafuta ya nywele. Chemutai alilikunja shati bila kulifua, akalitia kwenye mkoba, akashuka sokoni kwa rafiki yake Sellah, mama wa Kisii aliyekuwa na kibanda cha kusuka nywele na kuuza mafuta ya kila aina.

Sellah alilinusa kifuani, akalinusa tena, akalirudisha taratibu kama mtu anayerudisha mtoto wa wenyewe.

"Hii ni nazi," alisema. "Na hapa kwetu, mama, nazi inakaa kwa kichwa ya mwanamke. Sasa hiyo kichwa ilikuwa inafanya nini kwa kifua ya bwana yako?"

Chemutai alilikunja shati upya. Alikuwa ameshajiuliza hivyo hivyo njia nzima.

Tangu siku hiyo aliacha kulala na akaanza kuchunguza. Alimtazama Kipngeno akioga uani, akaona kifua chake kimekwaruzika, wekundu kuanzia kwenye titi mpaka mbavuni. Alipouliza, aliambiwa ni vijiti vya chai. Chemutai amechuma chai tangu utotoni na hajawahi kuona kichaka kinachompapasa mtu kifuani chini ya shati. Alimwona pia akitazama simu kwa tabasamu la pembeni, na alipokaribia, simu ikalala kifudifudi mezani. Kisha Sellah akaleta habari kutoka Kericho. Mpwa wake anayebeba mizigo kwenye steji alimwona Kipngeno akipokea kitu kutoka kwenye basi la Mombasa, kitu kirefu kimefungwa blanketi, akakipakia kwenye pikapu ya kukodi.

"Kirefu namna gani?" Chemutai aliuliza.

Sellah alisema ni urefu wa mtu na zaidi, kama mbao za kitanda. Nyumbani hakukuwa kumeingia kitanda. Ikiwa mwanaume amenunua kitanda na hakikuingia kwake, kimeingia kwa nani? Hesabu ilikuwa rahisi na Chemutai aliimaliza palepale. Kuna mwanamke wa pwani aliyemfuata Kipngeno mpaka bara, amepangiwa chumba Kapkatet, amewekewa kitanda, na Alhamisi ile alilaza kichwa chake cha nazi kwenye kifua cha mume wa mtu.

Utauliza kwa nini hakumkabili tu. Hata mimi nimejiuliza. Nadhani ni ile kazi. Miaka yote alizoea kwamba mwongo haulizwi, mwongo ananuswa, kisha anarudishiwa mtungi wake mbele ya foleni. Tangazo la pili lilipita, akakaa kimya na mkoba mapajani. Alhamisi iliyofuata Kipngeno alirudi na harufu ileile, mbichi zaidi. Chemutai alijua kwamba Jumapili inayokuja pasta atauliza kwa mara ya mwisho, na baada ya hapo atakuwa amefungwa maisha na mtu anayenukia mwanamke mwingine. Au asimame, apoteze harusi, arudi kwao na watoto wawili, na ile benchi ya nyuma iwe yake mpaka kufa. Alilia mara moja, kwenye zizi, ng'ombe akimtazama, kisha akaenda kupiga pasi gauni la Jumapili.

Pasta Nyaberi alikuwa mtu wa matangazo marefu. Alitangaza mkutano wa akina mama, bei ya mahindi ya kanisa, funguo zilizookotwa chooni, ndipo akafika kwa Kipngeno na Chemutai. Akasema hii ni mara ya tatu na ya mwisho, na kama kuna mtu mwenye pingamizi aseme sasa au anyamaze milele. Alikuwa tayari amegeuza ukurasa.

"Mimi," alisema Chemutai.

Pasta alitazama juu, akamwona ni nani, akatabasamu kwa upole akidhani amechanganyikiwa kwa furaha. Akamkumbusha kwamba yeye ndiye bibi harusi.

"Ndiyo, Pasta. Na ndiyo niko na pingamizi."

Akafungua mkoba, akatoa shati. Kanisa zima lililijua lile shati, la bluu lenye mistari, maana Kipngeno hakuwa na mengi. Chemutai alieleza yote bila kupandisha sauti, kuanzia harufu, mikwaruzo, simu inayolala kifudifudi, mpaka kitanda kilichoshuka Kericho na hakikufika Roret. Mama mkwe alijifunika uso kwa leso. Nyuma, Sellah alikuwa anatikisa kichwa kama shahidi anayengoja kuitwa. Wanaume waliangalia viatu vyao, kila mmoja akikumbuka Alhamisi zake mwenyewe.

Kipngeno aliinuka. 

"Si mwanamke," alisema. "Ni ubao."

Hakuna aliyeelewa. Alijaribu kueleza, mwishoni akasema ni afadhali awaonyeshe, si mbali. Na hivyo ndivyo ibada ya Jumapili hiyo ilivyoisha bila baraka, watu wakashuka njia ya katikati ya chai na viatu vyao vizuri, pasta mbele na Biblia kwapani, mpaka kwenye bwawa la shamba kubwa la chai lililo chini ya mikaratusi. Mlinzi wa pale, mzee Atuti, alipouona umati alitaka kukimbia. Kipngeno alimtuliza, akaingia kwenye kibanda cha pampu, akatoka amebeba blanketi refu.

Ndani ya blanketi mlikuwa na ubao mweupe uliochongoka mbele, laini, umechubuka kingo na kuzibwazibwa kwa gundi, na mapezi matatu chini kama ya samaki. Kipngeno akaeleza kwamba huo ndio ubao ambao vijana wa Malindi husimama juu yake kwenye mawimbi. Aliuacha kwa rafiki zake alipoitwa nyumbani, nao mwezi uliopita wamemtumia. Juu ya ubao walikuwa wamepaka nta ili mguu usiteleze. Pasta aliinama akanusa. Akainua nyusi, akamwita Sellah. Sellah alinusa, akapatwa na aibu ya biashara yake.

"Ni nazi," alikubali.

Nta ya nazi, basi. Mtu hulala juu ya ubao kifudifudi na kupiga makasia kwa mikono, na ile nta yenye chembe za mchanga inamkwaruza kifua. Hapo safari za Kapkatet zikaelezeka, mikwaruzo ikaelezeka, na kitanda kikaelezeka, na hata simu, maana Kipngeno aliitoa akamwonyesha pasta video za mawimbi, mawimbi matupu, hakuna hata kisigino cha mwanamke. Watu walianza kucheka. Kicheko kilipanda mpaka kwenye mikaratusi. Mama mkwe alifunua uso akacheka na machozi. Wakamwambia Kipngeno awaonyeshe huo mchezo, na pasta mwenyewe ndiye aliyesisitiza zaidi.

Kipngeno alivua viatu na koti, akakunja suruali ya Jumapili, akalala juu ya ubao na kuteleza mpaka katikati. Hapo Chemutai aliona jambo ambalo wengine hawakuliona. Yule mtu mzito wa mabega, ambaye nyumbani aligonga mlango na kukanyaga paka, alikuwa mwepesi. Aliinuka akaketi juu ya ubao, miguu ikining'inia majini, akawapa mgongo wote, akatazama ng'ambo ya bwawa. Akabaki hivyo. Maji yalikuwa kimya kabisa.

"Anangoja nini?" aliuliza Sellah.

Alikuwa anangoja wimbi. Kwenye bwawa la chai, Kericho, ambapo hata upepo ukipita unaomba ruhusa, Kipngeno alikuwa ameketi akingoja wimbi kwa mgongo ulionyooka, kama mtu aliyeahidiwa. Na Chemutai, aliyekuwa ameanza kuona haya kwa lile shati, alihisi wivu mkali kuliko ule wa mwanzo. Mwanamke wa Kapkatet, Chemutai angemwendea akamvuta nywele. Bahari unaivuta nini?

Pasta alimgeukia kwa furaha, akasema mambo yameisha, pingamizi limeondoka.

"Halijaondoka," alisema Chemutai. "Nimeona si mwanamke. Lakini ako na mwingine. Muangalieni vile amekaa."

Watu walimwangalia, na kicheko kikapungua. Kipngeno alisikia jina lake likiitwa, akageuza ubao, akaja ufukweni akichuruzika maji. Chemutai alimngoja mpaka asimame.

"Unataka kurudi huko?"

Angeweza kusema hapana. Pasta alikuwa anamkonyeza aseme hapana.

"Kila siku," alisema Kipngeno.

"Na mbona hukuniambia?"

"Wewe ndio ulisema." Aliongea polepole. Alimkumbusha siku moja kabla hawajaoana, wakila chapati kwenye hoteli mjini Kericho, televisheni ilionyesha vijana wakiteleza baharini. Chemutai alisonya akasema hao ndio wale wanaojiuza kwa nyanya wazee wa Kizungu, na bora aolewe na mlevi kuliko mmoja wao. "Nilikuwa nataka kukuambia hiyo siku. Nikamaliza chapati."

Chemutai aliikumbuka ile chapati. Hakulikumbuka neno, lakini alijua ni lake, lilikuwa na sauti yake. Watu wote walikuwa wakingoja, na wengi wao walikuwa wakulima waliokwisha kusimama mbele yake hivyo hivyo na mitungi yao.

"Sirudishi," alisema mwishowe. "Naweka kando. Pasta, utangaze tena Jumapili ijayo. Na wewe, kabla ya hiyo siku, uniambie kila kitu iko ndani. Mimi sitaki kunusa tena."

Wiki hiyo Kipngeno aliongea kuliko miaka yote. Aliongea zizini akikamua, kichwa kwenye ubavu wa ng'ombe, kwa maana ilikuwa rahisi kumwambia ng'ombe na Chemutai akasikia. Alisema kwamba alifika Malindi hajui kuogelea hata kidogo, na bahari ya pale haikuwa buluu kama ya kalenda. Mto unamwaga udongo wote wa bara, maji yanakuwa rangi ya chai ya maziwa, na siku ya kwanza alipoyaona alisikia kama ameitwa nyumbani. Vijana wa ufukweni walimfundisha asubuhi kabla ya zamu yake ya maua. Walimpa jina, Chai. Walimfundisha kwamba aliye karibu zaidi na mahali wimbi linapovunjika ndiye mwenye wimbi, wengine wote wanasubiri, na anayemkatia mwenzake njia hasalimiwi siku nzima. Alisema ni watu wenye adabu kuliko foleni ya maziwa, na Chemutai aliliacha hilo lipite. Waliosheana mbao kwa maji ya bomba, wakagawana mihogo ya kukaanga mchangani, wakapima mawimbi ya jana kwa uongo. Nywele ziligeuka nyekundu zenyewe kwa chumvi na jua. Mama yake alizinyoa akidhani ni rangi.

Chemutai aliuliza alichotaka kuuliza. Alikuwepo mwanamke?

Kipngeno aliacha kukamua. Akasema alikuwepo mama mmoja mgeni, mzee kidogo, aliyemwomba amfuate kwao. Alikataa. Lakini hakukataa siku hiyohiyo, alilifikiria kwanza.

"Ulifikiria sana?"

"Sana."

Chemutai alitoka zizini na hakuongea naye mpaka maziwa ya kesho yake yalipokwisha kwenda kituoni. Alikasirika, na katikati ya hasira aligundua kwamba amelala usiku kucha, mara ya kwanza tangu lile shati. Aliporudi kutoka kazini alimwambia mambo mawili. Ubao utoke kwa Atuti uje nyumbani, maana hataki kitu cha mume wake kikae kwa walinzi. Na mwezi wa nane, wakati baridi inapodumaza chai na hakuna la kuchuma, watakwenda Malindi wote wawili.

"Kufanya nini?" aliuliza Kipngeno, ingawa uso wake ulishajua.

"Nataka nimuone huyo mwenzangu," alisema. "Nisimame karibu, nijue anakuita namna gani. Usidhani nimekuamini."

Na hakuwa anatania. Mpaka Jumamosi aliendelea kumtazama mara mbili kila alipotoka na kila alipoingia, kwa sababu mtu aliyenyamaza miaka hiyo yote anaweza kunyamaza tena, na macho ya mwanamke hayapoi kwa wiki moja.

Jumapili ilipofika kanisa lilijaa kuliko Krismasi. Walikuja hata watu wa makanisa mengine, wengine wakisema wamepita tu. Asubuhi hiyo Kipngeno alikuwa amepaka ubao nta mpya pale uani, hadharani, kuku wakimtazama, kisha akavaa lile shati la bluu lililofuliwa. Alipoketi karibu na Chemutai harufu ya nazi ilienea benchi nzima. Sellah, nyuma yao, alikohoa.

Pasta Nyaberi hakutangaza mkutano wala funguo. Alikwenda moja kwa moja, akasoma majina mawili, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Kanisa zima likageuka kumtazama bibi harusi. Chemutai aliwaacha wamtazame. Mama mkwe alishika leso tayari.

Alimgeukia Kipngeno, akaishika kola ya shati kwa vidole viwili, akaiinua, akainamisha uso, akanusa bila haraka. Kipngeno hakusogea. Wakulima kwenye mabenchi walibana pumzi bila kujijua, kama wanavyoibana kila asubuhi.

Chemutai aliiachia kola, akamtazama pasta.

"Mimina," alisema.